Kivuli Nilichokifuta kwa Mafuta ya Taa

Nichekeni mkitaka, maana walionicheka kwanza walinichekea kwenye matanga, mbele ya mfiwa, na aibu ile nimezeeka nayo tangu miaka ya sabini.

Wifi yangu Yosefina, mke wa kaka yangu Zakaria, alikuwa na mtoto mmoja tu, Gervasi, aliyekuwa akiniita masenge, yaani shangazi. Jumamosi moja Mwalimu Kanuti (mtu wa Songea, aliletwa Kasulu kufundisha, na siku za mapumziko alikaa mjini akichora watu na jua lao) akawachora mama na mwana kwenye baraza la duka la Mzee Salumu, mtoto kakaa kwenye ngazi anatafuna karanga, mama kasimama. Alichora kwa penseli, kisha akahamishiwa Kibondo, rangi akaenda kumalizia huko. Kabla hajamaliza, surua ikamchukua Gervasi, na picha nyingine ya mtoto yule hatukuwa nayo.

Basi siku ya kuondoa matanga ilipokaribia nikatumwa Kibondo kuifuata. Mwalimu akanikabidhi ubao wenye rangi ya mafuta, akasema, "Shika pembeni, dada Skola, haijakauka. Hicho kivuli ndicho kilichonichelewesha." Mimi naitikia ndiyo, ndiyo, masikio yote yako kwenye honi ya lori.

Nyumbani nikaifunua. Yoo! Nusu ya uso wa Gervasi nyeusi kama kapakwa masizi. Nikajisemea, watu watasema Yosefina alikuwa hamuogeshi mwanawe. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, kama ninavyosafisha chemni ya taa, nikasugua kidogo, weusi ukatoka, nikafurahi (mjuaji mimi, niliyeishia darasa la pili!), nikasugua tena, shavu likatoka, jicho nalo likatoka. Hapo ningekimbia kusema ukweli, lakini nikachukua udongo mwekundu wa kusiriba ukuta, nikaukoroga na mawese, nikaziba shavu, jicho nikalitia kwa mkaa.

Kesho yake uani watu wamejaa, Zakaria akaondoa khanga iliyofunika ubao. Kisha jirani yetu Mama Leokadia, asiyejua kufunga mdomo, akauliza, "Sasa huyu ni mtoto au sanamu ya kufukuzia ndege?"

Wakacheka. Wakacheka mpaka jua lilipoyayeyusha mawese yakaanza kuteremka shavuni, ndipo wakanyamaza wenyewe.

Yosefina hakulia. Aliunusa ubao, harufu ya mafuta ya taa, akanitazama mimi niliyeuleta.

"Wifi, kivuli changu umekipeleka wapi?"

"Kivuli gani, wifi?"

"Siku ile jua lilikuwa linampiga usoni, nikasimama nimkinge. Mwalimu akaniambia, mama, usisogee, kaa hivyo hivyo. Pale usoni pake nilikuwa mimi."

Nikajibu nilidhani ni uchafu. Bora ningekuwa bubu.

Akaitundika picha, uso umeelekea ukutani, na ikakaa hivyo mpaka tulipomzika yeye mwenyewe. Hakunisema tena, na salamu hakuninyima.

Tangu hapo sijafuta kitu cha mtu bila kuuliza. Na nikimkuta mama kasimama juani, mtoto yuko miguuni pake, nazunguka mbali, hata kama nimebeba kuni, nisipite katikati yao.