Jabali la Rozi, Jina la Emese

Umande haujakauka kwenye majani ya mizabibu wakati Rozália Kenyeres anapopiga goti mbele ya mwaloni, anachovya brashi kwenye kopo na kupitisha mstari mwekundu juu ya rangi nyeupe aliyoipaka jana. Alama hiyo ndiyo inayomwambia mpanda mlima kwamba hajapotea. Chini, nyuma ya vichaka, ziwa Balaton limetulia na ule ukijani wake wenye weupe wa maziwa.

Vijana wawili, mvulana na msichana, wanapanda wakihema, mabegi mgongoni. Wanamwamkia kwa adabu. Kisha msichana anauliza, "Mama, Jabali la Emese bado liko mbali?"

Rozi, kama anavyoitwa na kijiji kizima cha Hársashegy, hainui kichwa. Anaelekeza juu kwa brashi. "Fuateni nyekundu. Mkiona watu wanajipiga picha, mmefika."

Wakishapita, anamgeukia mwandishi.

"Umesikia? Hilo jabali ni langu. Hati ni yangu, miiba ninayoikata ni yangu, mgongo unaouma ni wangu. Jina ni la mdogo wangu."

Anafunika kopo la rangi na kulibana kwa kiganja. "Na usije ukaandika kwamba nasikitika. Andika nina wivu. Hapa kila mtu anajua."

Rozi ana umri wa miaka sitini na mmoja, ni mjane, na kwa zaidi ya miaka ishirini ameajiriwa na halmashauri ya kijiji kutunza njia za mlimani. Hupaka alama upya, hukata miti iliyoangushwa na upepo, hurudisha mawe yaliyoporomoka baada ya theluji kuyeyuka. Mshahara wake ni kima cha chini. Bila kuulizwa, anaeleza kwamba Jumamosi moja ya Julai baraza ambalo mdogo wake huuzia wageni mvinyo huingiza forinti nyingi kuliko anazopata yeye kwa mwezi.

Baba yao, Dénes, alipofariki, ardhi yake ilikatwa vipande viwili. Emese, mtoto wa mwisho, alipewa shamba la mizabibu pamoja na ghala la mvinyo lililochimbwa ubavuni mwa mlima. Rozi alipewa kilichobaki juu yake: vichaka, mawe meusi ya volkeno, na lile jabali linalochungulia ziwa.

"Pale makaburini watu walikuwa wananishika mkono wananiambia pole. Wakimfikia Emese, wanamnong'oneza hongera," anasema. "Siku hiyohiyo, kaburi hilohilo."

Ni Rozi mwenyewe aliyeruhusu njia nyekundu ipite kwenye ardhi yake, kwa kuwa hakuna mahali pengine mlimani ambapo ziwa lote linaonekana kwa mara moja. Tatizo ni kwamba njia hiyo, ikitoka jabalini, hushuka moja kwa moja hadi mlangoni kwa Emese. Watu hufika pale koo zimekauka. Emese huwaletea mvinyo mweupe uliochanganywa na maji ya soda, na mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na vitunguu vyekundu juu yake. Wao humsifia mandhari, naye huwaambia karibuni tena.

Rozi, akiwa juu na msumeno wake, alikuwa akisikia kila kitu. "Mdogo wangu ana vicheko viwili, cha nyumbani na cha wageni. Mimi nilikuwa nasikia kile cha wageni kutwa nzima."

Mwaka jana, majira ya kuchipua, walikuja watu wa televisheni. Asubuhi hiyo Rozi aliamka mapema akawafagilia njia, maana usiku kulikuwa na upepo na matawi yalikuwa yamejaa. Katika kipindi chenyewe anaonekana kwa kupepesa jicho, kampa kamera mgongo. Emese amekaa juu ya jabali, glasi mkononi, upepo unacheza na nywele zake. Mtangazaji akapaita mahali hapo Jabali la Emese. Kufika kiangazi, jina lilikuwa limechapishwa kwenye ramani, na barazani kwa Emese kulikuwa na kibao chenye mshale unaoelekea juu.

"Hakuniambia," anasema Rozi. "Angeniambia ningekataa, ndiyo maana hakuniambia."

Alivumilia msimu mmoja. Mwezi Juni mwaka huu alikuwa ameinama karibu na ukingo, anafunga upya kamba ya kuzuia watu wasidondoke, mzee mmoja mstaafu akamwomba kwa heshima asogee kidogo. Alikuwa anamharibia picha ya Jabali la Emese.

Rozi alisogea. Kisha akashuka nyumbani, akarudi na mkokoteni wa magogo na waya, na kabla ya jua kuzama jabali lilikuwa limezungushiwa uzio. Mbele yake, kwa rangi ileile nyekundu ya kazini, aliandika: Shamba la mtu.

Njia ikakatika. Wapanda mlima wakawa wanazunguka upande wa pili, wanashukia ufukweni mbali na mizabibu. Barazani kwa Emese viti vikabaki vitupu, na wasichana wawili aliowaajiri kwa msimu akawarudisha kwao.

Meya alimwita Rozi ofisini. Akamwambia hajawahi kusikia mtu anayelipwa kufungua njia akazifunga. Rozi akajibu kwamba ardhi ni yake. Meya akampa mpaka mwisho wa Agosti achague, uzio au kazi. Kijiji nacho kikagawanyika. Muuza mikate ya kukaanga kule ufukweni, Feri, kila akimwona anapita na baiskeli alimpigia kelele, "Rozi, leo umefungua au bado umenuna?"

"Kaanga mikate yako," Rozi alimjibu.

Je, alifurahi? Wiki ya kwanza, anasema, alilala usingizi mzuri kuliko alivyowahi kulala tangu mumewe afe. Baadaye akaanza kuchungulia. Alikuwa akifika ukingoni mwa jabali, analala kifudifudi asionekane, anatazama baraza chini. Emese alikuwa akifuta meza ambazo hakuna aliyezikalia. Rozi aliziangalia zile meza na hakuona raha aliyoitarajia, wala hakuona huruma. "Niliona jinsi shamba lake lilivyopendeza hata bila watu. Nikazidi kuchukia."

Katikati ya Agosti, saa za joto kali, Emese alipanda.

Goti lake la kulia ni bovu. Alikuja na fimbo, uso umemwiva. Rozi alikuwa ndani ya uzio. Alijiandaa kwa ugomvi, alikuwa na majibu ya kiangazi kizima. Lakini Emese hakutaja njia wala meya. Alisema, "Dada, nifungulie nikae, nitaanguka."

Rozi alilegeza waya. Wakakaa juu ya jiwe, mmoja huku, mwingine kule, mpaka Emese alipopumua sawasawa.

"Hapa ndipo baba alikuwa anakuleta," alisema Emese. "Kila Jumapili. Mimi naachwa na mama tunasugua mapipa, ninyi mnapanda na mkate wenu. Nilikuwa nalia, unajua? Nalia ndani ya pipa. Shamba alinipa kwa sababu nilishazoea kazi. Wewe alikupa mahali alipopapenda."

Rozi anasema hasira ilimpanda. "Wivu wangu nilikuwa nimeuzoea. Sasa ananiletea na wa kwake niubebe."

Akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Baba yao Jumapili alikuwa akilewa. Akishakunywa alitaka kupanda jabalini, na hakuna aliyeweza kumzuia. Mama ndiye aliyemtuma Rozi amfuate. Mkate ulikuwa wa kumlainisha, akila hukaa, na akikaa hadondoki. Binti wa miaka tisa, na baadaye kumi, na baadaye kumi na mbili, alikaa pale amemshika baba yake mkanda wa suruali mpaka pombe ilipomtoka.

"Nilimwambia, mimi nilikuwa nawasikia wewe na mama mkiimba huko chini. Nilikuwa natamani hayo mapipa."

Mwandishi alipomtembelea barazani kwake, Emese alithibitisha kila neno. Ni mwanamke mwepesi wa kucheka, lakini alipofika hapo aliweka kitambaa mezani. "Miaka hamsini nimemwonea wivu dada yangu kwa kitu kilichokuwa kinamtisha. Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa, kwa sababu ningeanzia wapi? Nikamwomba anishike mkono tushuke." "Alinishika mkanda. Nadhani hata hakujijua."

Wote wawili wamekubali habari hii iandikwe. Mama yao hayupo tena wa kuona aibu, anasema Rozi, na baba alistahili kuiona mapema zaidi.

Hata hivyo uzio haukuondoka kesho yake. Rozi aliuacha siku kadhaa, ili mdogo wake asije akadhani amemshinda. Emese, kwa upande wake, aling'oa kile kibao cha mshale bila kuambiwa na kukipasua kuni. Meya alipopanda kukagua mwisho wa mwezi, alikuta magogo yamepangwa vizuri kando ya njia na watu wanajipiga picha kama kawaida.

Jina kwenye ramani ni jambo jingine. Wachapishaji wamesema watalibadilisha watakapochapisha upya. Emese alipendekeza liandikwe Jabali la Rozi. Mwenye jabali amekataa, anasema likiitwa hivyo watu watadhani amekufa. Wamekubaliana kwamba litaitwa jina la ukoo, Jabali la Kenyeres. Hadi hapo ataendelea kuulizwa njia ya kwenda kwa Emese, na ataendelea kuelekeza kwa brashi.

Kwa hiyo wivu umekwisha?

"Nani kasema?" Rozi anajibu. "Jana wamekuja watu wa basi zima. Nimewasikia wanamsifia mkate. Mkate ule ni wa mama, na mimi naupika vizuri zaidi."

Wiki ijayo Hársashegy itaanza kuvuna. Tangu msiba wa baba yao, Rozi hajawahi kuitwa kwenye mavuno ya shamba lile. Amekuwa akiyatazama kutoka juu kila mwaka, watu wakipita na ndoo kati ya mistari. Safari hii Emese amempigia simu. Hakumbembeleza. Alisema wanaanza Jumatatu, na kwamba supu ya samaki itakuwepo.

Rozi amekwisha omba ruhusa kazini. Mkasi wake wa kukatia matawi ameupeleka kwa mnoaji, ingawa, anavyokiri, ulikuwa mkali wa kutosha.

"Nitachukua mstari ulio jirani na wake," anasema, akichukua kopo lake la rangi na kuelekea mti unaofuata. "Na nitamaliza kabla yake."