Daktari wa Mashine na Mama Yake

Wenzake kazini walimwita Daktari, kwa jinsi alivyozipasua mashine za kamari na kuzifunga tena zikapona. Kasino ilikuwa na mashine sitini, na zote zilimtegemea yeye. Mtu akishinda, sifa zilikwenda kwa bahati. Mashine ikigoma, matusi yalikuja kwa fundi.

Baba yake alikuwa amefariki, na mama kabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Mwana ni huyo mmoja tu. Mwaka mzima alikwenda kumwona mara mbili. Alisema kazi inammeza, na kweli ilimmeza, lakini tusimhurumie kupita kiasi: siku ya mpira hakukosa nafasi.

Mchana mmoja taa ya juu ya mashine namba kumi na nne ikawaka, ile ya kumwita fundi. Noti imekwama. Akaenda mbio, akamkuta mama yake ameketi pale, mkoba mapajani.

"Shikamoo mama! Unafanya nini huku?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kujaribu bahati. Umekula?"

Akaitoa noti, akaondoka haraka kwa aibu. Kesho yake mama yupo, noti imekwama tena. Ikawa hivyo kwa miezi miwili. Daktari alibadilisha mara mbili ule mkanda unaovuta noti mdomoni mwa mashine, na bado noti zikawa zinakwama. Kila akifika, mama anamuuliza kama amekula, naye anajibu "nimekula" huku kashageuka.

Pensheni ya marehemu ilikuwa ikiteketea. Daktari, fundi hasa, akaamini kwamba mtu akielewa kitu ataachana nacho. Asubuhi moja kabla ya kufungua, akamwingiza mama na kuufungua mlango wa mashine.

"Unakiona hiki kidude, mama? Kinatoa namba usiku na mchana, hata kama hakuna anayecheza. Ukibonyeza, kinashika namba ya papo hapo, na mchezo umekwisha. Picha zinazozunguka ni tarumbeta tu, zinatangaza kilichokwishaamuliwa."

"Na zile saba mbili zikijipanga, ya tatu ikapita kidogo tu?"

"Haikupita kidogo. Umekosa kama aliyekosa kabisa. Imepangwa uone umekaribia, ili urudi."

"Nikiikalia sana, haiivi?"

"Si embe hii, mama. Haikumbuki ulichoipa jana. Tena hesabu imepigwa kiwandani: leo utapata, kesho utakosa, lakini ukizidi kucheza, mwenye kasino hakosi chake."

Mama alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini. Alielewa upesi kuliko mafundi wapya, akauliza swali moja au mawili ya maana, akamshukuru. Mchana ule ule akarudi, akaketi pale pale.

Daktari akapandwa na hasira. Alikwenda kwa meneja akajaza fomu ambayo jamaa wa mchezaji huruhusiwa kujaza: azuiwe kuingia mwaka mzima, na zuio lisifutwe kwa ombi la yeyote. Mlinzi akamshika mama mkono hadi mlangoni. Mama hakubisha. Aligeuka mara moja kuangalia ndani, kisha akaufunga mkoba wake.

Tangu siku hiyo namba kumi na nne haikukwama. Wiki ikapita, Daktari akaanza kujisifu kwa ule mkanda mpya. Mwanamke wa usafi akamtazama kwa huzuni.

"Mkanda gani, Daktari? Mama yako alikuwa anazikunja noti pembe. Nilimuuliza, akaniambia, ikikwama taa inawaka, na taa ikiwaka mwanangu anakuja."

Daktari akakimbilia kwa meneja, akaomba, akabembeleza. Meneja akamwonyesha ile fomu, yenye sahihi ya Daktari mwenyewe. Majuto ni mjukuu, na wa Daktari alikuwa amekwisha kuzaliwa.

Akaapa kwenda nyumbani kila Jumamosi. Alikwenda Jumamosi mbili, na mama akafurahi hata akasahau kuketi. Kisha mashine mpya ishirini zikaletwa. Akawa anapiga simu. "Usijali," mama alisema, "kazi ni kazi." Halafu simu nazo zikapungua.

Mwezi wa tatu tangu zuio, akaenda nyumbani bila taarifa. Mlango umefungwa. Jirani akamwelekeza kwenye kasino nyingine, upande wa pili wa mji.

Alimkuta pembeni mwa ukumbi, mbele ya mashine ambayo hata hakuwa akiicheza. Kando yake kijana mwenye bisibisi mfukoni alikuwa akila kutoka kwenye kibakuli alichokijua Daktari tangu utotoni, na mama akimtazama anavyokula. Alipomwona mwanawe, uso ulimng'aa, kisha akashikwa na wasiwasi, kama mtu aliyekutwa na kosa.

"Huyu ndiye mwanangu niliyekwambia," akamweleza yule kijana upesi, kabla Daktari hajafungua mdomo. "Usimwone hivyo. Ana kazi nyingi sana."