Sponji Hajikuni

Mwasho ulimwanzia viganjani, ukapanda mikono, ukatulia shingoni, na Sponji, fundi makochi, akaikalia mikono yake. Yuko kwenye kitanda cha wodi ya saratani, anamchekea sista aliyemdunga sasa hivi.

"Unajisikiaje, fundi?"

"Safi kabisa, sista. Ningekuwa na nyundo hapa, hicho kiti chako ningekivalisha upya."

Muongo mkubwa! Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amemeza vidonge vya mzio, alivyonunua kimyakimya, ili mwili usije ukamuumbua.

Lakini tusimlaumu haraka. Daktari alikuwa amemweleza vizuri: seli za saratani ya damu zinahitaji kirutubisho fulani ambacho haziwezi kujitengenezea vya kutosha, kwa hiyo zinakidokoa kwenye damu. Sindano ile ni kimeng'enya cha kukivunjavunja. Seli nzima hujipikia zenyewe, hizo nyingine zinakufa njaa.

"Kumbe tunazinyima chakula mpaka zikome!" Sponji alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

Kisha akamwona mama muuza mkaa, wa kitanda cha jirani. Alipodungwa alivimba midomo, akatoka vipele mwili mzima. Daktari akasema, "Basi, hii hapewi tena," wakamsukuma nje na kitanda chake. Hakurudi. Sponji akajijazia mwenyewe: ukijikuna unanyang'anywa dawa, na ukinyang'anywa dawa umekwisha. Tangu siku hiyo akanasa. Akisema, anakufa. Asiposema, kila sindano koo linambana zaidi, na yeye anatabasamu tu.

Dada yake ndiye aliyeiona mikwaruzo.

"We mtoto wa mama yangu, hii nini?"

"Kunguni, dada."

"Kunguni wa wapi, na godoro nimelianika mwenyewe?"

Akambana mpaka akasema kweli. Sponji akampigia magoti, jamani dada, usiniue. Dada akanyamaza, akawa halali, hali. Siku ya sindano uvumilivu ukamwishia, akampandisha shati mbele ya daktari.

"Mtazame huyu mpumbavu wangu!"

Sponji alimchukia dada yake siku ile kuliko ugonjwa wenyewe.

Sindano ikasitishwa, damu ikapimwa. Majibu yalipotoka, daktari alivuta kiti.

"Fundi, dawa haifanyi kazi. Ikiingia tu, mwili wako unaishambulia na kuimaliza. Vidonge vyako vimeficha vipele, basi. Zile seli zimekuwa zikila kama kawaida."

"Kwa hiyo mnaninyang'anya."

"Tunakubadilishia. Ipo ya aina nyingine, kazi ni ile ile, na wengi miili yao haiikatai. Ungesema mapema, tungeshakuanzishia. Si ndiyo tuliyompa yule mama muuza mkaa?"

"Yuko hai?"

"Yuko chumba cha mwisho huko, anagombana na wapishi."

Sponji alimtazama dada yake, kisha daktari.

"Na hizo zilizokuwa zinakula muda wote huu?"

"Tutapima uboho wa mifupa yako ndipo tujue zimeongezeka kiasi gani. Siwezi kukudanganya."

Sponji akaitoa mikono aliyokuwa ameikalia. Akajikuna viganja, shingo, tumbo, mbele yao wote, huku akilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia aache.