Mistari Mitatu Chini ya Barua ya Kaka

Kaka yangu alipopelekwa Yugoslavia na jeshi la kulinda amani, mama alidhani ni mahali fulani karibu na Sudan. Nilimfungulia atlasi yangu ya shule. Akaweka kidole Nairobi, akaweka kingine pale nilipomwonyesha, kisha akaitazama nafasi iliyobaki katikati.

"Si mbali," akasema. "Ni kiganja kimoja tu."

Tulikuwa tukiishi Shauri Moyo, katika zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, chumba kimoja chenye pazia katikati. Baba alikuwa ameshafariki. Mama aliuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Gikomba, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikijifunza ushonaji kwa mama mmoja mtaani. Mama hakujua kusoma wala kuandika, kwa hivyo barua za kaka zilikuwa kazi yangu: yeye alitamka, mimi nikaandika, majibu yalipokuja, mimi nilisoma, yeye akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama aliye kanisani.

Barua ya kwanza ya kaka ilikuwa ya baridi kutoka mwanzo hadi mwisho. Alisema baridi ya huko si ya Limuru. Nguo zikianikwa nje zinakuwa ngumu kama mabati, na mtu akiivua kofia yake masikio yanamuuma hadi machozi yanamtoka. Mwishoni aliandika kwamba nyama ya kopo waliyokuwa wakipewa ilikuwa nyingi, lakini angetoa kopo kumi kwa kiganja kimoja cha omena.

Mama hakungoja nimalize. Siku ile ile alikaanga omena wakawa wakavu kabisa, akawatia kwenye mkebe wa kakao. Akasaga simsim, akakaanga njugu, akafunga pilipili kwenye karatasi. Mimi nikashona kitambaa cha amerikani kuzunguka vyote kwa sindano ya magunia, nikaandika namba ya kaka juu yake kwa kalamu nzito. Vifurushi vilipokelewa kwenye lango la kambi ya jeshi, na havikutakiwa kuzidi kilo mbili. Koplo aliyekuwa na mizani alikiweka chetu juu, akakunja pua.

"Mama, ndege itanuka hii hadi ifike."

"Iache inuke, afande. Wakiinusa watakumbuka walikotoka."

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Kaka aliandika kwamba walikifungua watu saba, wakala wamesimama, kwa vidole, hata hawakungoja ugali. Mmoja wao alitokwa na machozi akasingizia pilipili. "Mama, asante," aliandika. "Sijui niiandike mara ngapi."

Chini kabisa, baada ya jina lake, kulikuwa na mistari mitatu ya mwandiko mwingine, mdogo, umelala upande:

"Mama, mimi ni rafiki wa mwanao. Nimekula omena wako, Mungu akuweke. Sina wa kuniandikia, kwa hivyo naomba nikushukuru kwa karatasi ya mwenzangu."

Mama aliniomba niirudie. Nikairudia. Akaniomba tena.

"Hana mama?"

"Hajasema."

"Mtu akisema hana wa kumwandikia, amesema."

Kuanzia hapo tulituma vifurushi viwili. Koplo alipouliza huyo wa pili ni nani kwetu, kwa kuwa vilipokelewa vya jamaa tu, mama alimtazama usoni akasema, "Mtoto wa dada yangu." Sikuwahi kumsikia akidanganya kabla ya siku ile. Tulipokuwa tukirudi kwa miguu alikuwa akinong'ona, na nilipomkaribia nilisikia anaomba msamaha.

Rafiki huyo akaanza kuandika barua zake mwenyewe. Alikuwa amelelewa katika makao ya watoto ya kanisa upande wa Nakuru, akatoka hapo moja kwa moja hadi jeshini. Nakiri kwamba shukrani zake ziliniaibisha mwanzoni. Alishukuru kwa sweta, akashukuru tena kwa rangi ya sweta. Alishukuru kwa namna nilivyoshona kitambaa, akasema alikifumua polepole bila kukikata, ili uzi usipotee. Sikuzoea mtu anayeshukuru hivyo. Kwetu ukipewa kitu unasema asante na maisha yanaendelea.

Aliomba jambo moja tu. "Mama, usijichoshe na vitu. Niandikie umeamka saa ngapi, umepika nini, nani amegombana na nani kwenye bomba la maji. Huku hakuna mtu anayegombana kwa sababu ya maji. Wanagombana kwa sababu nyingine."

Basi tukamwandikia hivyo. Tukamwambia maji yamekatika siku nne. Tukamwambia jirani yetu Mswahili, mjane aliyetoka Pwani, ametuletea mahamri ya Idi na mama amemrudishia sahani ikiwa na ndizi, kwa sababu sahani hairudi tupu. Tukamwambia kwaya ya kanisa letu ina mwalimu mpya na haijapata nafuu. Alijibu kwamba huwasomea wenzake kwa sauti, na kwamba yuko mmoja, mtu mzima mwenye watoto wanne, anayeuliza kila wiki kama maji yamerudi Shauri Moyo.

Barua za kaka nazo zikawa zinapungua. Kurasa tatu zikawa mbili, zikawa nusu. "Asante kwa vitu. Niko sawa. Msalimieni kila mtu." Mama alisema ni uvivu wa tangu utotoni.

Jumapili moja, baada ya ibada, nilikuwa nikimsomea barua ya yule rafiki. Katikati ya ukurasa wa pili macho yangu yalitangulia ulimi, nikaona alichoandika. Nikaruka aya nzima, nikaendelea na habari za theluji iliyoanza kuyeyuka.

Mama akainua kichwa.

"Rudi nyuma."

"Wapi, mama?"

"Macho yako yameshuka na mdomo wako haukushuka nayo. Soma ulichoruka."

Nikasoma. Rafiki alikuwa ameandika kwamba hakutaka kutusumbua, lakini hana mwingine wa kumwambia. Lori lililokuwa mbele ya lao lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani, na kaka ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya. Hakuandika kukusanya nini. Tangu siku hiyo kaka hakuwa akilala. Alikuwa akikaa kitandani na viatu miguuni, na chakula kilichotoka nyumbani alikuwa akiwagawia wengine bila kuonja.

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira wa karatasi ukutani kwetu, ukigonga, ukigonga. Kwa kawaida mama angewakemea.

"Tumpelekee nini?" akaniuliza.

Aliniangalia kama anayeamini kwamba mtoto aliyesoma hadi kidato cha nne lazima ana jibu mahali fulani. Kisha akasimama, akawasha jiko, akaanza kukaanga njugu. Aliziunguza. Akamwaga, akaweka nyingine, akaziunguza hizo pia. Nilimtoa mwiko mkononi nikamkalisha.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie alale."

"Niandike nini kingine?"

"Andika hivyo tu. Mwambie mama amesema alale."

Nikaandika hivyo. Barua ya mstari mmoja, kwa mtu aliye mbali kiasi kile. Nilipokuwa nikiifunga niliona haya, kama niliyetumwa kuzima moto kwa kikombe. Kaka alijibu: "Mama, asante kwa njugu. Niko sawa." Njugu hazikuwemo kwenye kifurushi tulichotuma wiki ile. Hata hakuwa amekifungua.

Miezi miwili baadaye koplo wa langoni alituita kando. Alitoa chini ya meza kifurushi cha yule rafiki, kitambaa kile kile, mishono yangu ile ile haijaguswa. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: irudishwe.

"Amehamishwa?" mama akauliza.

Koplo hakuwa mtu mbaya. Alituelekeza kwa ofisa mmoja kijana, aliyekuwa na daftari kubwa mezani. Ofisa akatafuta, akaweka kidole kwenye jina, akamwuliza mama yeye ni nani wake.

"Mtoto wa dada yangu," mama akasema, lakini sauti haikumtoka vizuri.

"Hapa jamaa aliyeandikwa si wewe, mama. Siwezi kueleza lolote ila kwa aliyeandikwa."

Mama akasema ukweli. Akasema hana dada. Akasema hajawahi kumwona kijana huyo hata kwa picha, lakini amemfumia sweta, na anajua anaamka saa ngapi na anaogopa nini. "Niambie tu kama yuko hai."

Ofisa alinitazama mimi, hakumtazama yeye. "Sista, mpeleke mama nyumbani. Mama, we endelea kumwombea."

"Nimwombee sala ya mzima au ya marehemu?"

Ofisa akalifunga daftari. Nilimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja.

Kwa miezi yote iliyofuata mama aliomba sala zote mbili, moja baada ya nyingine, na kila mara alimwambia Mungu achague iliyo sawa. Tulimwandikia kaka kumwuliza. Barua zake zilikuja na shukrani za mstari mmoja, na hakuna neno juu ya rafiki yake.

Kikosi chao kiliporudi, tulimpokea kaka kwa kuku na wimbo. Majirani walijaa hadi kwenye korido. Yule mjane wa Pwani alileta halua. Kaka aliwashika mikono wote, akacheka palipotakiwa kucheka. Kesho yake asubuhi, tukiwa watatu, mama alimwuliza.

Alisimulia akitazama sakafu. Walikuwa wamekwenda kuchota maji kwa lori. Rafiki yake alishuka kumwelekeza dereva arudi nyuma, akipiga hatua za kinyumenyume pembeni mwa barabara, na bomu lilikuwa pale majanini. Hakufa. Kaka alimshika hadi helikopta ilipokuja, na muda wote rafiki yake alikuwa akizungumza.

"Alisema nini?" mama akauliza.

"Alisema kifurushi chake kikija tusikirudishe. Tukile."

"Mbona kilirudi?"

"Mkubwa wetu alisema sheria ni kirudi. Nilikuwa nimesimama hapo hapo akiandika. Sikusema kitu, mama." Akarudia, "Sikusema kitu."

Mama alinyoosha mkono kumgusa, na kaka akausogeza mwili wake kando, si kwa hasira, ni kama mtu aliyeungua jua.

Kaka alikwenda kumtafuta rafiki yake. Katika hospitali ya jeshi alikolazwa aliporudishwa nchini, aliambiwa ameshapewa karatasi zake na ametoka, amekwenda kwao. Kwao wapi? Kule kwenye makao ya watoto walisema hawajamwona tangu alipojiunga na jeshi. Kaka alirudi na vumbi la Nakuru kwenye viatu, akalala mchana kutwa akiwa amevivaa hivyo hivyo.

Karibu mwaka mzima ukapita. Kisha barua ikaja kwenye sanduku la posta la kanisa, tulilokuwa tukilitumia siku zote. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mviringo, wa mtu asiyejulikana kwetu. Niliisoma tukiwa wote watatu ndani.

"Mama, ninaandikiwa na mtu. Nimesikia kwa mwenzetu mmoja kwamba ulituma tena kifurushi na kikarudi. Asante hata kwa kile kilichorudi. Nilipokuwa hospitalini ugenini sikuwa nafahamu lugha ya mtu yeyote, nikawa nazikariri barua zako moyoni, ya maji, ya kwaya, ya sahani. Hizo ndizo nilizozungumza nazo. Usinitafute. Nikiweza nitakuja mwenyewe."

Hakukuwa na anwani. Muhuri wa posta ulikuwa umechafuka, herufi hazisomeki.

"Mkono si wake," mama akasema.

"Si wake."

"Ni macho au ni mikono?"

Nilitaka kusema sijui. Kaka ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni, mgongo wake kwetu.

"Ni vyote, mama."

Alijua tangu mwanzo. Alikuwa amekijua kitu hicho ndani ya chumba kile kimoja, akila nasi, akisikiliza mama akiomba. Akatoka, akaenda hadi kwenye bomba la maji, akasimama hapo kati ya wanawake wenye ndoo hadi wakaanza kumpisha wakidhani anangoja zamu.

Kaka aliacha jeshi, akapata kazi ya udereva, akaoa, akahamia mtaa wa Umoja. Mama alianza kuugua tumbo, na kabla ya muongo ule kwisha tukampoteza. Tulipokwenda kulipia tangazo la kifo redioni, karani aliandika majina tuliyomtajia: mume marehemu, kaka, mimi, wajukuu. Kaka akamwambia aongeze jina moja zaidi kati ya watoto, akalitaja kamili.

"Huyu anaishi wapi?" karani akauliza, kwa kuwa ilikuwa kawaida kutaja.

"Hatujui," kaka akasema. "Lisome tu. Huenda ana redio."

Lilisomwa siku mbili, mchana na jioni. Tulimzika mama kwetu magharibi, siku ya Jumamosi, na watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Kila aliyeingia uani akiwa anaongozwa na mwingine nilimtazama vizuri. Walikuwa ni wazee tu.