Siku Niliyofika Ukweni Nikining'inia Kwenye Bampa

Kuna watu wamefika ukweni wamechelewa, kuna waliofika mikono mitupu, na nimesikia habari za mmoja aliyefika amelewa, lakini sijasikia mwingine aliyefika akining'inia mbele ya gari, makalio yametangulia, huku mama mkwe wake yuko ndani peke yake na usukani hauna mtu. Huyo ni mimi, Rajabu. Nasimulia mwenyewe kwa sababu wanaosimulia huko Mzenga wanaongeza chumvi, na chumvi iliyopo inatosha kabisa.

Chanzo ni pikapu ya shemeji yangu Shabani, kaka wa mke wangu. Aliinunua ikiwa gari la kawaida la watu wa kawaida, akaipeleka kwa mafundi wakainyanyua springi na kuivalisha matairi makubwa, eti njia za Kisarawe wakati wa mvua hazitaki gari fupi. Sasa boneti yake inanifika kidevuni (na mimi, kwa wasionijua, ni mfupi, tena siyo ule ufupi wa kusema "si mrefu sana", ni ufupi wa kununua suruali na kwenda nayo moja kwa moja kwa fundi cherehani).

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, alikuwa kwetu Misugusugu akitibiwa goti, na kwao Mzenga kulikuwa na harusi ya binti yake wa mwisho. Mke wangu Mwajuma alishatangulia kusaidia mapishi, kwa hiyo kazi ya kumrudisha mama, pamoja na masufuria makubwa, ikaniangukia mimi. Shabani akanikabidhi ufunguo lakini hakuuachia haraka, akaushikilia upande wake huku ananitazama.

"Shemeji, hili gari linakula oili. Kila ukisimama, pima. Injini ikifa, undugu wetu na wenyewe umekufa."

Basi nikapima palepale nyumbani kabla ya kuondoka. Jamani, gari la kawaida unainama kupima oili, lakini lile unapanda! Ukisimama chini mkono unaishia karibu na taa tu. Inabidi ukanyage bampa, ulaze tumbo juu ya grili, ujinyooshe mpaka nyuma kabisa karibu na kioo, maana kile kijiti cha kupimia wamekificha huko, na ukishakifikia miguu yako haiko tena kwenye bampa, inaelea tu hewani. Kukichomoa ni afadhali. Kukirudisha kwenye kitundu chake ndiyo kazi, ni kama kutunga uzi kwenye sindano umefumba macho. Nilishindwa, nikaenda dukani kuazima kreti la soda, na duka zima likanifuata kuja kutazama. "Rajabu, tukuletee na ngazi?" akauliza muuza duka, watu wakaangua kicheko. Nilicheka nao, ningefanyaje, lakini moyoni niliumia.

Kumpandisha mama nako kulihitaji majirani wawili, mmoja anavuta juu na mwingine anasukuma chini huku anaomba radhi, goti nalo linalia. Alipokaa nikajua huyu hashuki mpaka Mzenga.

Tukapita Mlandizi, tukaikata Janga, vumbi tupu, mama anafurahi kwa sababu anaona mpaka mapaa ya nyumba za watu. Tulipokaribia kabisa, akanyoosha kidole kwenye dashibodi.

"Mkwe, hicho kibirika chekundu kinachowaka ni cha nini?"

Nikatazama. Taa ya oili. Pale pale akilini nilimwona Shabani, niliiona injini imekufa, na niliyaona maisha yangu yote yaliyobaki nikiwa mtu aliyeua gari la shemeji siku ya harusi.

"Ni cha oili, mama. Si kitu."

"Si kitu, na wewe jasho linakutoka hivyo?"

Tulikuwa juu ya kilima, na bondeni pale chini ndiyo nyumbani kwao, unaona turubai, unaona moshi, unaona kina mama wamekaa juu ya mbuzi wanakuna nazi. Mtu mwenye akili angezima gari, akapiga simu, wakaja na kiti, akapima. Mimi nikawaza kingine. Nikajiona nimepanda lile bampa mbele ya wakwe zangu wote, miguu inaelea kama chura aliyeshikwa mgongoni, mashangazi wanatazama. Nikasema hapana, nitapimia hukuhuku juu, peke yangu, nishuke kwa heshima zangu. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, mdogo tu.

Nikazima, nikavuta handibreki (ambayo, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa pambo), gia nikaiacha huru kwa sababu ndivyo nilivyozoea, nikafungua boneti, nikapanda. Tumbo kwenye grili, mkono mpaka nyuma, kijiti hiki hapa. Nikakichomoa, nikakifuta kwa leso, nikaanza kukitafutia kitundu. Miguu iko hewani. Nikasikia upepo unapita kwenye visigino, nikaufurahia, maana kulikuwa na joto.

Halafu mama akasema, sauti ya upole kabisa, "Mkwe, mbona tunakwenda na wewe hujaingia?"

Nikageuza shingo nikatazama chini. Mchanga ulikuwa unapita.

Wenzangu, sijui niwaeleze vipi woga ule. Boneti imesimama wima, kwa hiyo mama haoni mbele, anaona bati tu. Mimi naona injini tu, na kupitia mwanya mwembamba kule nyuma ya boneti naona vidole vyake vimeshika dashibodi. Nyuma yangu ni kilima kinachoteremka kwenye watu. Ningesema nilibaki ili nisimwache mama, lakini nisiwadanganye, nilitaka kuruka, ila suruali ilikuwa imenasa kwenye kibao cha namba na nilijua nikianguka pale naingia chini ya matairi.

"Mama! Kanyaga breki!"

"Breki ndiyo ipi?"

"Ya katikati! Chini! Upande wangu!"

"Goti halifiki, baba! Goti halifiki!"

Hajawahi kuniita baba. Aliponiita hivyo, nikajua naye ameshaelewa kwamba hakuna anayeendesha. Gari likazidi mwendo, masufuria kule nyuma yanagongana, mimi nasoma kila dua ninayoijua na nyingine naikatiza katikati kwa sababu nimesahau mwisho wake. Mama akafanya kitu pekee alichokijua ndani ya gari. Akajilaza upande wa usukani akabonyeza honi, akaing'ang'ania.

Na hapo ndipo damu iliponiganda kabisa. Kwa sababu kwetu huku, gari likiteremka kwenye nyumba ya harusi linapiga honi mfululizo, maana yake nini? Vigelegele vikalipuka kule chini! Nikasikia mtu anapaza sauti, "Bibi harusi, mama yako huyooo!" na wimbo ukaanzishwa, na nyimbo za kupokea mgeni haziimbwi mmekaa. Walikuwa wanakuja. Wanapanda kilima wanacheza, wanakuja kulipokea gari ambalo halina breki, na mke wangu yumo humohumo.

"Ondokeni!" nikapiga kelele, uso umo ndani ya injini. "Ondokeeeni!"

Wao wakaitikia kibwagizo.

Suruali ikachanika, naisikia mpaka leo ule mlio. Vigelegele vikapungua kidogo, maana sasa walikuwa karibu kiasi cha kuona kilichokuwa kinawafikia. Mmoja akacheka. Kisha sauti ya Mwajuma, mke wangu, ikapasua wimbo wote: "Huyo aliyening'inia ni Rajabu! Ndani hamna dereva! Mama yumo peke yake!"

Kelele zilizofuata hazikuwa za harusi. Nikasikia miguu inakimbia kila upande, sinia linaanguka, mtu analia jina la mtoto wake. Nikafumba macho. Nilikuwa nasubiri kugonga, na nilichoomba ni kimoja tu, kwamba kitakachogongwa kisiwe na damu.

Tairi la kushoto likapanda tuta la shamba la mihogo, pua ya gari ikageuka, tukaacha njia tukaingia kwenye lundo la makumbi ya nazi, lundo kubwa, yote ya harusi hiyo. Makumbi yakatupokea. Gari likasimama, boneti ikaniangukia mgongoni, na ikawa kimya.

Hakuna aliyeumia. Mimi nilitolewa kwa kuvutwa miguu, kijiti cha oili bado kimo mkononi, kanga ya shangazi ikafungwa kiunoni mwangu haraka maana suruali ilikuwa haisitiri chochote. Lakini sikuweza kusimama kuona aibu, kwa sababu mama hakuwa anasikika. Nikapanda mlango ule mrefu, sijui kwa nguvu gani, nikamkuta amefumba macho, midomo inacheza. Nikamgusa bega. Akanishika mkono, yeye ambaye tangu nimuoe binti yake tunaamkiana kwa mbali, akaubana mpaka vidole vikafa ganzi.

"Sote wazima?" akauliza.

"Wazima, mama."

"Mwajuma?"

"Mzima."

Akavuta pumzi. Mjomba mmoja akapima oili pale pale, oili imejaa. Nikampigia Shabani simu. "Taa hiyo?" akasema. "Ah, shemeji, hiyo ni mbovu, inajiwakia tu. Sikukwambia?"

Mama hakuwa ameuachia mkono wangu. Akaniuliza mbele ya ukoo mzima, "Mkwe, nyumba ulikuwa unaiona pale. Kwa nini hukutufikisha kwanza?"

Nikatafuta uongo, sikuupata. Nikasema, "Niliogopa mtanicheka, mama. Nikipanda. Kwa huu ufupi."

Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, ufupi wako tuliucheka siku ile ulipokuja kuposa. Tulicheka usiku kucha, tukamaliza, na binti tukakupa."

Sasa hivi nikitaka kupima oili ya gari lolote refu naita watu kwa sauti waniletee kiti, jiwe huwa nalitia kwenye tairi kwanza, na abiria wote wanashuka hata kama kushuka kwao kunataka winchi. Anayetaka kucheka nampa nafasi acheke mpaka achoke. Mama mkwe ninaye mmoja tu.