Moyo wa Masanja Ulikuwa Unadunda

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa ya jua kali, enzi za Mwingereza, nami kijana wa kukokota mkokoteni Kariakoo. Tulikuwa mahamali wanne. Masanja, Mnyamwezi, ndiye aliyetuimbisha ili tuvute pamoja.

Wiki chache kabla, maumivu ya kifua yalimwangusha sokoni. Daktari mmoja wa Kihindi alimkataza kazi. Asubuhi hiyo nilimkuta barazani kwake, Ilala, miguu imevimba. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, basi tulikuwa watani: maneno makali ruhusa, na anayekasirika ndiye anayechekwa.

Nikamwekea kiganja kifuani. "Mbona unadunda kama ngoma? Mnyamwezi gani wewe, unafichwa kama mwari?"

"Mzaramo, pumzi haipandi."

"Basi nikuletee kanga ujifunge."

Akacheka. Akainuka, akaja kuvuta.

Kwenye mwinuko wa kutoka Jangwani wimbo ukakatika. Nilipogeuka, alikuwa ameulalia mpini, midomo imepauka. Tukashusha magunia, tukampakia yeye, tukamkokota hadi kwa daktari yule yule.

"Nimeushika moyo wake, bwana. Ulikuwa unadunda," nikajitetea.

Daktari akaniuliza, "Wawili wakivuta, mmoja akachelewa, wa nne akarudi nyuma, mkokoteni wenu utapanda?"

"Hautapanda."

"Na jasho litawatoka?"

"Sana."

"Kipande cha moyo wake kilikufa siku ile alipoanguka. Kuta nyingine za moyo zikikaza, hicho kinatuna kwa nje, na sehemu zilizo jirani nacho zinachelewa. Damu inasukumana humo humo ndani, inayotoka ni kidogo. Kudunda uliona. Kusukuma hukukuona."

Masanja aliishi siku tatu. Nilimwomba radhi.

"Mzaramo," alisema, akivuta pumzi kati ya maneno, "utani hauombewi radhi."

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilimtoa barazani kwa neno ambalo desturi yetu haikumruhusu kulikasirikia, hata alipokuwa anakufa nalo.

Mwanangu, mgonjwa akikwambia pumzi haipandi, mwamini yeye kuliko kiganja chako. Aliyeumwa moyo akisimama tena, mtazame miguu kama imevimba, muulize kama akilala pumzi inambana, na mzigo wake uubebe wewe mpaka daktari amruhusu. Kabla hujamtania mtu, hakikisha anaweza kukukatalia. Mungu akupe sikio la kumsikia mgonjwa mapema, na siku yako ikifika, akujaalie wa kukusikia wewe.