Jicho Lisilosikia

Kwa miaka kumi na mmoja Lemia amekaa mkabala nami, hapa mjini Sibu, Malesia, kwenye chumba tunamosafishia viota vya mbayuwayu. Tunaviloweka, kisha tunang'oa vinyoya kimoja kimoja kwa kibano, maana viota hivyo vinakwenda kupikwa na kuliwa. Asiyeona vizuri hana kazi.

Kuna mwezi macho yake yalikuwa mekundu, yanachuruzika. Tukamtania.

"Mama Jelia, unamlilia nani? Mumeo si mzima?"

"Ndicho kinachoniliza!"

Asubuhi moja nilimpelekea bakuli la maji, nikaganda. Kinyoya cheusi kilikuwa kimelala juu ya mboni ya jicho lake la kushoto, naye anaendelea na kazi.

"Lemia, una kinyoya jichoni."

"Niondolee utani wako."

"Sikutanii. Hakikuumi?"

Akajitazama kwenye kioo cha mkobani. Akakitoa kwa ncha ya kidole.

"Sisikii kitu," alinong'ona. "Kabisa."

Nilijua anachowaza. Dada yake, mgonjwa wa kisukari kama yeye, alianza na ukungu machoni akaishia kushikwa mkono kwenda chooni. Na Lemia vidonge vyake alivimeza siku alizokumbuka tu.

"Ukimwambia bosi, mimi na wewe basi."

Sikumwambia bosi. Nilimwambia Jelia, bintiye, na kesho yake tukampeleka kliniki, huku na huku tumemshika kama mfungwa.

Daktari alimtia rangi ya manjano machoni, akammulika kwa taa ya buluu. Kisha akachukua uzi wa pamba, akaligusa jicho kwa ncha yake.

"Unasikia, mama?"

"Kwani umeshagusa?"

Daktari akauweka uzi kando. Jelia akanibana vidole.

"Macho yamekauka, yamejaa mikwaruzo," daktari alisema. "Kisukari kimedhoofisha mishipa ya fahamu, ndiyo maana hayakuumi."

"Yamekauka vipi, na machozi yananitiririka?"

"Hayo ni maji matupu, hayakai juu ya jicho."

"Nitapofuka?"

"Mikwaruzo ikigeuka vidonda, unaweza. Bado hatujafika huko."

Akapewa matone ya kutia kila saa. Akawekewa vizibo viwili, vidogo kuliko punje ya mchele, kwenye vitundu vya machozi pembeni mwa macho, machozi yasikimbilie puani. Kope zikandwe kwa kitambaa cha vuguvugu, lakini Jelia akipime kwanza, maana mama angejiunguza bila kujua. Na sukari ipimwe kila asubuhi, bila kisingizio.

Wiki zile, Jelia aliniambia, mama yake akiamka kitu cha kwanza ni kufumba jicho moja na kuhesabu vigae vya nyumba ya jirani, kisha anafumba la pili na kuhesabu tena. Idadi ikitofautiana, hanywi hata chai.

Baada ya miezi mitatu mikwaruzo ilikuwa imepona. Hisia haijarudi, na daktari hakuahidi kwamba itarudi. Lemia alimwambia bosi mwenyewe, akapunguziwa saa za kazi. Sasa kila akitia matone hunielekezea uso.

"Hebu nitazame vizuri, hakuna kinyoya?"

Namtazama jicho moja, kisha la pili, kabla sijamjibu.